Simu ya Mchina Mlimani: Bidhaa za Kuiga, Namba Tambulishi na Mnunuzi wa Mwisho Mkoani Kilimanjaro, 2000–2016

1. Utangulizi

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Juni 2016, kampuni za simu za mkononi nchini Tanzania zilianza kufunga mawasiliano ya simu ambazo namba zake tambulishi hazikukubalika katika rajisi iliyosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Amri hiyo iliwahusu watumiaji wa Moshi mjini sawasawa na wale wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Simu iliyofungwa haikuharibika. Taa yake iliwaka, redio yake ilisikika na saa yake ilikwenda, ila haikuweza tena kupiga wala kupokea simu kwa laini yoyote.

Historia ya simu hizo imezoeleka kuelezwa kama historia ya udanganyifu, yenye mtengenezaji mlaghai, mfanyabiashara mwenye tamaa na mnunuzi asiyejua. Makala hii inatazama jambo hilo kutoka upande wa mnunuzi wa mkoa wa Kilimanjaro. Hoja yake kuu ni kwamba simu ya kuiga ilikidhi haja ambazo simu za kampuni zenye majina makubwa hazikuzikidhi kwa wakati huo, na kwamba hatua ya mwaka 2016, ijapokuwa ilikuwa na sababu za msingi, ilipima namba badala ya kifaa, na hivyo ikamtwisha hasara mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu wa biashara.

2. Maana ya Maneno

Ni muhimu kuanza na maneno, kwa kuwa mjadala wote umefungamana nayo. Katika lugha ya serikali na vyombo vya habari, neno lililotumika ni simu bandia. Sokoni, watu walisema feki, kopi au simu ya Mchina, na kinyume chake kilikuwa orijino. Kifaa kilichosumbua mara kwa mara kiliitwa kimeo, kiwe feki au orijino.

Maneno haya yalifunika vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni simu iliyobeba jina la kampuni nyingine bila idhini, au jina lililofananishwa nalo kwa kubadili herufi moja, kama Nokla badala ya Nokia. Cha pili ni simu isiyojifanya kuwa ya kampuni yoyote, iliyotengenezwa na karakana ndogo na kuuzwa kwa jina lisilojulikana au bila jina kabisa. Cha tatu ni simu yoyote, hata iliyotengenezwa na kampuni kubwa, ambayo namba yake tambulishi ilikuwa imebadilishwa. Kosa la kila aina ni tofauti. Aina ya kwanza inamkosea mwenye jina. Ya pili huenda isimkosee mtu, isipokuwa kama ubora wake ni hafifu. Ya tatu inaweza kuficha wizi. Hata hivyo, zote ziliitwa feki, na mkanganyiko huo ndio ulioamua hatima ya simu nyingi.

3. Kuiga Kabla ya Simu

Bidhaa za kuiga hazikuanza Kilimanjaro na simu. Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipeleka mlimani shanga, waya na nguo, ikatafuta pembe za ndovu na chakula cha safari. Nguo iliyotafutwa sana katika Afrika Mashariki ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa ambayo asili yake ilikuwa viwanda vya Massachusetts nchini Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vilipunguza nguo hiyo katika soko la Zanzibar, na viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaziba pengo kwa kutengeneza nguo ya kufanana nayo. Jina halikubadilika. Nguo iliyofumwa Bombay iliendelea kuitwa merikani, na hatimaye jina hilo likawa la aina ya kitambaa, si la mahali kilikotoka. Mnunuzi alilazimika kuamini uzito wa nguo mkononi na hali yake baada ya kufuliwa kuliko jina lake.

Miaka ya baada ya uhuru ilileta hali tofauti. Redio zilizopatikana kwa wingi zilihusishwa na majina machache, hasa National na Philips, ambayo yote yalikuwa na viwanda nchini, la kwanza Dar es Salaam na la pili Arusha. Kisha ukaja uhaba. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nao haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katika vijiji vinavyopakana na Kenya, kuanzia Holili hadi Tarakea, magendo yakawa njia ya kupata sabuni, nguo na vifaa vya nyumbani, huku kahawa ikivushwa upande wa pili. Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji kuanzia mwaka 1984 na kuendelea na mageuzi hayo chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa za Dubai, na baadaye za China, zilijaa madukani. Kizazi kilichokuja kununua simu kilikuwa tayari kimefundishwa na uhaba na magendo kukagua bidhaa kwa macho yake, kwa kuwa hakukuwa na risiti wala dhamana ya kukimbilia.

4. Mtandao Wafika, Kahawa Yashuka Bei

Huduma ya simu za mkononi ilianza Tanzania mwaka 1994 kupitia Mobitel. Vodacom ilianza mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Kwa mujibu wa takwimu za TCRA, laini zilizokuwa zikitumika zilikuwa takriban milioni 3 mwaka 2005, zikafika karibu milioni 21 mwaka 2010 na kukaribia milioni 40 mwaka 2015. Hizi ni laini, si watu. Mtu mmoja aliweza kuwa na laini mbili au tatu, na jambo hilo lina uzito katika historia hii.

Kwa mkulima wa Kilimanjaro, wakati huo haukuwa mzuri. Mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa katika soko la dunia ilishuka mno. Kihamba kilichowahi kumsomeshea mzazi watoto kwa mauzo kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro (KNCU) hakikuweza tena kubeba gharama hizo peke yake. Watoto wa mlimani walikuwa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi wakifanya biashara na kazi za mishahara. Fedha zilitoka kwao kuja nyumbani, na mawasiliano nao yalikuwa sehemu ya uchumi wa kaya. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu ikawa pia njia ya kupokea fedha hizo. Kuwa na simu hakukuwa tena anasa.

Hivyo basi, haja ya simu iliongezeka wakati ambapo kipato cha shamba kilikuwa kimepungua. Kampuni kubwa zilijibu kwa kiasi fulani. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi, ilipendwa duniani kote na kuuzwa kwa zaidi ya milioni 200. Pamoja na hayo, simu mpya ya Nokia bado ilikuwa mzigo kwa kaya nyingi, na ilipokea laini moja tu.

5. Mahali Simu Zilikotoka

Ili kuelewa namna pengo hilo lilivyozibwa, hatuna budi kutazama Shenzhen, mji wa kusini mwa China ulio jirani na Hong Kong. Kutengeneza simu kulikuwa kazi ya kampuni chache zenye wahandisi wengi hadi MediaTek, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa mwaka 1997, ilipoanza kuuza chipu pamoja na programu na mchoro wa saketi vikiwa tayari. Karakana ndogo iliweza sasa kununua kifurushi hicho, kuongeza kioo, betri na kasha, na kuingiza simu sokoni kwa muda mfupi. Mwaka 2007 China iliondoa sharti la leseni maalumu kwa watengenezaji wa simu, na idadi ya karakana hizo ikaongezeka zaidi. Wachina waliita bidhaa hizo shanzhai, neno ambalo maana yake ya asili ni ngome ya mlimani, yaani maficho ya watu walio nje ya mamlaka ya dola.

Karakana hizo ziliiga sura na majina, lakini hazikuishia hapo. Ziliongeza nafasi ya laini mbili, spika kubwa, tochi, redio na betri ya kukaa siku nyingi. Mambo haya yalikuwa jibu la moja kwa moja kwa mazingira ya Tanzania. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa sehemu kwa sababu ya ada ambayo kampuni hulipana kwa kuunganisha mawasiliano. Ada hiyo ilishushwa na TCRA hadi shilingi 34.92 kwa dakika mwezi Machi 2013, kutoka kiwango kilichozidi shilingi 100. Kabla ya hapo, mtu mwenye kipato kidogo alibeba laini za mitandao miwili na kuzibadilisha kila alipotaka kupiga. Simu ya Mchina ilimwondolea adha hiyo. Nokia yenyewe ilitangaza simu zake za kwanza za laini mbili mwaka 2010. Katika jambo hili, kopi iliitangulia orijino.

6. Sokoni Moshi

Simu hizo zilifika Moshi hasa kupitia Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wenye asili ya Kilimanjaro wamekuwa wengi kwa muda mrefu. Kutoka hapo zilipanda basi pamoja na nguo na vipuri, zikauzwa katika maduka ya katikati ya mji, kwenye meza za Mbuyuni na Kiboriloni, na katika magulio ya vijijini. Nyingine zilipanda mlimani mwezi Desemba, wakati wenyeji waishio mbali hurejea kwa Krismasi. Mtoto aliyenunua simu bora zaidi mjini alimwachia mama yake ile ya zamani, au alimletea mpya ya bei nafuu yenye sauti kubwa na vitufe vinavyoonekana.

Je, mnunuzi alidanganywa? Wapo waliodanganywa kwa hakika, hasa walioiuziwa kopi kwa bei ya orijino. Lakini katika mauzo mengi bei yenyewe ilikuwa tangazo. Simu yenye umbo la toleo la kifahari iliyouzwa kwa sehemu ndogo ya thamani ya toleo hilo haikuweza kumshawishi mtu mzima kuwa imetoka katika kiwanda chenye jina hilo. Mnunuzi aliijaribu palepale. Aliingiza laini yake, akampigia mtu, akasikiliza mlio, akawasha tochi. Alichonunua kilikuwa kazi ya simu hiyo kwa muda fulani, na aliupima muda huo kwa kumfahamu muuzaji.

Hapa ndipo fundi simu anapopata nafasi yake katika historia. Kampuni kubwa ziliuza dhamana ya maandishi. Simu ya Mchina haikuwa nayo. Dhamana yake ilikuwa fundi mwenye meza ndogo, bisibisi na rundo la simu zilizokufa za kutolea vipuri. Kwa kuwa simu nyingi zilijengwa juu ya chipu za aina moja, kioo, spika au tundu la chaja la simu moja liliweza kuiponya nyingine. Ufundi huo haukufundishwa chuoni. Ulipatikana kwa kufungua, kulinganisha na kukosea, na uliwapa vijana wengi wa mjini riziki ambayo kihamba kilichogawanywa mara nyingi hakikuweza kuwapa.

Haifai, hata hivyo, kuipamba hali hiyo. Betri nyingi zilikuwa hafifu, baadhi zilivimba, na kifaa kilichokufa kilitupwa pamoja na takataka nyingine bila utaratibu wowote wa kuzuia sumu. Kodi ilikwepwa. Simu iliyoporwa mjini iliweza kubadilishwa namba na kuuzwa upya, na aliyeipoteza hakuwa na njia ya kuifuatilia. Sababu hizi zilikuwa za kweli, nazo ndizo zilizoipa serikali uhalali wa kuingilia kati.

7. Mpaka na Rajisi

Hatua ya kwanza katika eneo hili ilichukuliwa na Kenya. Mwaka 2009 nchi hiyo iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika simu za mkononi, na hivyo kupunguza bei ya simu halali. Kisha mwisho wa Septemba 2012 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliagiza simu zenye namba bandia zizimwe, na zaidi ya milioni moja zilifungwa. Uamuzi huo uliihusu Kilimanjaro moja kwa moja. Orodha ya mitandao ya Kenya haikuwa na nguvu katika mitandao ya Tanzania. Simu iliyokuwa mfu Taveta ilikuwa hai Holili, umbali mfupi tu, kwa kubadilisha laini. Mpaka ambao zamani ulitenganisha bei za sabuni na kahawa sasa ulitenganisha simu inayozungumza na isiyozungumza.

Tanzania ilikuwa tayari na msingi wa kisheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa rajisi ya namba tambulishi na kufanya kubadili namba hizo kuwa kosa. Rajisi kuu ilizinduliwa mwezi Desemba 2015, na wananchi wakapewa muda hadi Juni 2016. Katika miezi hiyo, watumiaji walielekezwa kubonyeza *#06# ili kuona namba ya simu, kisha kuituma kwa ujumbe kwenda 15090. Majibu yalitaja aina ya simu ambayo namba hiyo ilipewa, ili mtumiaji alinganishe na ile aliyoishika.

Utaratibu huo unahitaji kuchambuliwa kwa makini. Namba tambulishi, ijulikanayo kwa kifupi kama IMEI, ina tarakimu 15. Nane za mwanzo huonesha aina ya simu na hutolewa chini ya usimamizi wa GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani. Sita zinazofuata ni za kifaa chenyewe, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zinazotangulia. Rajisi huiona namba hii tu. Haioni kasha, betri wala jina lililoandikwa mgongoni. Matokeo yake ni kwamba simu isiyomwiga yeyote, lakini iliyotoka katika karakana ambayo haikuomba namba, ilihesabiwa kuwa bandia na kufungwa. Kwa upande mwingine, kopi halisi ya simu ya kifahari iliyopachikwa namba ya simu halali iliweza kupita. Rajisi inaweza kugundua kwamba namba moja inatumiwa na vifaa vingi, lakini namba peke yake haiwezi kusema kipi kati ya vifaa hivyo ndicho cha kwanza.

8. Nani Alilipa?

Tanzania haikukosa sheria za kumfikia mwingizaji wa bidhaa. Sheria ya Alama za Bidhaa ilikuwapo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ilikuwa na mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Njia hiyo, hata hivyo, ilihitaji wakaguzi bandarini, mipakani na maghalani, pamoja na ushahidi dhidi ya kila mfanyabiashara. Njia ya namba ilikuwa nyepesi zaidi kwa serikali. Amri moja kwa kampuni za simu ilifika kila kijiji kwa usiku mmoja.

Wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Mwingizaji alikuwa ameshalipwa, na muuzaji wa jumla Kariakoo pia. Mchuuzi wa Moshi alikuwa ameuza na pengine amehama meza. Aliyebaki na kifaa mkononi ni mtumiaji, na hakukuwa na utaratibu wa jumla wa kubadilishana simu hiyo na nyingine au kurudishiwa sehemu ya fedha. Fedha zilizokuwa katika akaunti ya simu hazikupotea, kwa kuwa zilifungamana na laini. Lakini kuzifikia kulihitaji kuazima simu ya jirani au kununua nyingine. Mzigo huo haukuwa sawa kwa wote. Mfanyakazi wa mjini alibadilisha simu kwa mshahara wa mwezi. Mjane wa Rombo aliyeletewa simu na mwanawe alisubiri hadi mwanawe aweze tena. Fundi naye alijikuta katika njia panda, kwani ujuzi uleule uliomwezesha kuifufua simu ungeweza, kwa kugusa namba, kumfikisha mahakamani.

Aliyenufaika waziwazi ni mtengenezaji aliyekwishahama kutoka kuiga kwenda kujenga jina. Tecno ilianzishwa mwaka 2006 na kampuni inayofahamika leo kama Transsion, ambayo iliamua mapema kuelekeza nguvu zake Afrika. Ilitumia chipu, viwanda na mawazo ya mazingira yaleyale ya Shenzhen, zikiwemo laini mbili na betri ya kudumu, lakini iliweka jina lake, namba halali na vituo vya matengenezo. Simu za Tecno na itel zilizojaa madukani Moshi baada ya mwaka 2016 zilikuwa, kwa asili ya teknolojia, ndugu wa karibu wa zile zilizozimwa.

9. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba simu ya Mchina mkoani Kilimanjaro haikuwa tukio la ujinga wa wanunuzi. Ilitokana na kipato cha kahawa kilichoshuka, familia zilizotawanyika, gharama za kupiga simu kati ya mitandao na mapinduzi ya utengenezaji yaliyotokea Shenzhen. Iliingia katika jamii iliyokuwa na uzoefu wa zaidi ya karne moja wa kununua vitu ambavyo majina yake hayakulingana na asili yake, tangu merikani ya Bombay hadi bidhaa za magendo za Holili. Sifa zake bora zilichukuliwa baadaye na kampuni halali, na hakuna anayeziita feki leo.

Kwa mwanahistoria, tukio la mwaka 2016 linafundisha kutofautisha uhalali wa kifaa, uhalali wa jina na uhalali wa namba, kwa kuwa vitatu hivi havikwenda pamoja. Kwa mtunga sera, linaonesha kuwa udhibiti unaoanzia kwa mtumiaji humaliza tatizo haraka kwa kumwachia hasara asiye na pa kuipeleka. Namba ingekaguliwa simu ilipoingia bandarini au mpakani, gharama ingebaki kwa aliyepata faida. Mnunuzi wa mlimani alikuwa amekagua alichoweza kukikagua: sauti, betri, tochi na uso wa muuzaji. Namba ilikuwa kitu pekee ambacho hakuwahi kufundishwa kukiangalia hadi miezi michache kabla ya kunyang'anywa mawasiliano kwa sababu yake.